Shangazi na Shimo la Ncha ya Dunia

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Shangazi wa Idara ya Viendeshi vya Michoro anastaafu tarehe 30 Juni. Shangazi ndivyo tunavyomwita sote, akiwemo mkuu wa idara, ambaye amemzidi umri.

Kwa wenzetu wa ghorofa nyingine, kazi yake ni hii. Mchezo au ramani ikitaka kuchora kitu kwenye kioo cha kompyuta, hutuma maagizo ya rangi, mwanga na kivuli. Kila chipu ya michoro ina lugha yake. Kwa hiyo sisi huyatafsiri maagizo kwanza kwenda kwenye lugha moja ya kati, kisha kiendeshi cha kila chipu, yaani programu inayoiamuru, hukamilisha safari. Lugha hiyo ya kati aliitunga Shangazi, enzi ofisi ina feni moja tu, nayo ilikuwa ya mashine, si ya watu.

Chipu zikakua, lugha ikabana. Haikujua namba kamili; kwake kila kitu kilikuwa desimali, hata idadi ya vidole. Ilipopendekezwa lugha mpya, tulidhani mzazi atamtetea mwanawe. Wapi! Alisema hata mtoto mzuri hukua nguo zikamkataa, akaiongoza kazi mwenyewe. Aliandika programu ya kuwa mkalimani kati ya lugha hizo mbili ili viendeshi vihame kimoja kimoja, pasipo mtumiaji yeyote kukosa picha. Wenye haraka walinung'unika. Aliwaacha wanung'unike.

Ukimwambia Shangazi majaribio yote yamepita, haridhiki. Huuliza kama picha inaonekana, kisha huvaa miwani na kwenda kwenye rafu ya mashine kuukuu kutazama kwa macho yake. Tulimtania sana kwa hilo, mpaka mwaka huu.

Kilikuwa kimebaki kiendeshi kimoja, cha chipu kongwe kuliko zote. Shangazi akiwa likizo akiuguza goti, tulikihamisha. Kwa bidii isiyo na macho tukapiga upya hata picha za mfano, zile ambazo majaribio hulinganisha nazo kila picha mpya, tukitumia kiendeshi kilekile kipya. Kosa likalinganishwa na kosa, yote yakapita, tukapongezana.

Wiki hiyohiyo mdogo wake Shangazi alimpigia simu. Yeye ni mwalimu wa jiografia, na kompyuta za shule yake, zenye chipu hiyo, hujaribu matoleo yetu. Wanafunzi walitaka kujua nani ameitoboa dunia. Kwenye tufe la ramani, ncha zote mbili zilikuwa na doa jeusi.

Shangazi alirudi akichechemea na kulipata kosa. Katika lugha ya zamani, sifuri mara chochote ni sifuri, hata mara kisicho na mwisho. Katika lugha mpya, hesabu hiyo, inayotokea kwenye ncha za tufe, haina jibu, na penye kukosa jibu chipu huchora weusi. Mkalimani alikuwa ametafsiri kuzidisha kwa kuzidisha, asione tofauti.

Mkuu wa idara akashauri chipu kongwe iachwe na lugha ya zamani ifutwe, maana siku za Shangazi kazini zilikuwa zinahesabika. Hapo ndipo tulipomwona amekasirika kwelikweli. Alisema hakuna anayetamani kuifuta zaidi yake, kwa kuwa hataki kutuachia lugha mbili za kulea, lakini hataifuta huku darasa zima likitazama dunia yenye shimo. Akaongeza katika lugha mpya kuzidisha kwa namna ya pili, kunakoshika kanuni ya zamani. Picha za mfano tukazipiga tena, safari hii kwa mashine ambayo hatukuigusa, yenye kiendeshi cha zamani.

Ijumaa iliyopita mwalimu alipiga simu: ncha ni nyeupe, na wanafunzi wamesikitika kuwa somo limerudi. Shangazi akaketi, akaifuta lugha aliyoitunga mwenyewe, faili baada ya faili, sisi tumesimama nyuma ya kiti chake. Alipomaliza alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu, akaomba chai.

Ahsante, Shangazi, kwa kazi, kwa ukali na kwa uvumilivu. Goti lipone, na mapumziko yako yawe marefu na yenye furaha. Rafu ya mashine kuukuu haitaondolewa. Tumetoka kuitazama sasa hivi, mashine moja moja, kwa macho yetu.

Picha inaonekana.