Mama Inakuwaje Anatuaga Wodini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mwandamizi wa wodi yetu ya magonjwa ya moyo anastaafu rasmi. Jina lake la kazini hakuna asiyelijua: Mama Inakuwaje. Wengine humuuliza mgonjwa, "Unaumwa wapi?" Yeye huvuta kiti, akaketi, akauliza, "Inakuwaje?" Kisha hunyamaza mpaka ajibiwe.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia kwetu, halafu, akiwa na watoto watatu na mume mvumilivu, akarudi chuoni. Huko alikutana na nadharia ya uuguzi inayoeleza jinsi mgonjwa anavyozipitia dalili zake: kwamba dalili moja huichochea nyingine, na kwamba mwili, hofu na hata mazingira ya kitanda huzipunguza au kuzizidisha. Wengi wetu nadharia tuliziacha kwenye chumba cha mtihani. Yeye alikuja nayo kazini.

Tunamkumbuka dereva mstaafu wa basi aliyelazwa kwa sababu moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu. Kila jioni pumzi zilimbana. Daktari alirekebisha dawa, oksijeni ikaongezwa, nafuu ikaja nusunusu. Mzee akaanza kusema hatatoka humo akiwa hai. Mama Inakuwaje akavuta kiti.

"Ni kama nimefungiwa ndani ya gari, vioo vyote juu," mzee alimwambia. "Nikizinduka tu, mke wangu hayupo."

Kumbe mkewe alikuwa akimsubiri asinzie, ndipo anyate kuondoka. Mzee akawa anaogopa kulala. Kukosa usingizi kukamchosha, uchovu ukambana pumzi, na kubanwa kukamzidishia hofu. Muuguzi wetu akamvuta pembeni yule bibi.

"Nakwepa machozi yake, mwanangu."

"Muage, mama. Akilia, mimi nipo."

Jioni ile mzee aliagwa. Alilia kweli, na muuguzi akakaa naye. Kitanda kikasogezwa dirishani, akafundishwa kuvuta pumzi taratibu, dawa zikaendelea kama daktari alivyoandika. Usingizi ukarudi kidogo kidogo. Moyo haukupona, lakini mzee alitoka wodini kwa miguu yake, akiwa ameshikana mkono na mkewe, huku akimkaripia dereva wa teksi kwa kuegesha vibaya.

Tangu hapo, tukikabidhiana zamu hatutaji dalili tu. Tunaeleza inavyomsumbua mgonjwa na kinachoizidisha. Daktari, aliyekuwa akimtania kwamba atakaa kando ya vitanda vya watu mpaka kesho, siku hizi naye anatafuta kiti, na viti havitoshi.

Sasa Mama Inakuwaje anakwenda kuishi na mama yake mzazi, ambaye ameshatuonya kwamba yeye hauguzwi, anataka mtu wa kupiga naye soga.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kusikiliza. Uwe na afya njema, ucheke sana na mama, na siku ukipita huku, uje kama mgeni: usivae sare, usishike kazi, tukuandalie sisi.