Kuvu Kwenye Kitenge cha Ikupa

Asubuhi ya manyunyu Tukuyu haina haraka. Ukungu ulikuwa umeshuka toka Mlima Rungwe ukakaa barabarani kama mgeni asiye na safari, na kwenye benchi mbele ya duka la ushirika, lililofungwa tangu biashara iwe huria, watu watatu walishika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili. Kasim muuza mitumba, aitwaye Soko Huria. Nsajigwa, aitwaye Redio, maana hazimiki. Na Ambindwile, waliyembandika jina la Mzee Bati kwa kuwa ndiye wa kwanza mtaani kwao kuiacha nyumba ya mianzi akajenga ya saruji na bati. Mkewe, Ikupa, alizikwa miezi mitatu nyuma. Tangu hapo mzee alizungumza polepole, kama mtu anayesoma zaburi kwa taa ndogo.

— Nyumba imedondosha tena, alisema. Usiku mvua haikunyesha, lakini asubuhi bati linadondosha maji ndani. Kuta zimeota kuvu. Sasa imefika kwenye kitenge cha kwaya cha marehemu, pale kilipotundikwa.

— Bati la siku hizi hilo! Soko Huria aliruka. Jepesi, lina homa. Linatoka jasho.

— Si wewe unayesifia vitu vya soko huria kila siku? Redio alimcheka. Kosa ni saruji. Saruji imetoka pwani, na haijasahau kwao. Bahari ikijaa kule, kuta za Mzee Bati zinajaa huku.

— Acha fiksi, Redio.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa mlango. We kunywa kahawa.

Ambindwile hakucheka. Alijiona amelala chini ya bahari, maji ya kijani yakipita juu ya kitanda, na mahali fulani huko juu Ikupa akiimba sauti ya pili.

Soko Huria akashusha sauti.

— Mimi nadhani ni wingu, mzee. Siku ya msiba milango ilikuwa wazi. Wingu likaingia na waombolezaji. Walipotoka, lenyewe likabaki.

— Litatoka kupitia wapi? Ambindwile alisema. Matundu ya juu ya madirisha niliyaziba yote. Niliweka matambara, nikapiga saruji. Ikupa alikuwa akiugua kifua, baridi ilimchoma.

— Safi sana, Redio alisema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba na madirisha!

Mama mmoja wa kijiji cha Kyimo, Tupokigwe, alikuwa ametua mkungu wake wa ndizi kando ya benchi apumzike. Alikuwa amewasalimu, akapewa kikombe, akawa anasikiliza.

— Tata, alisema sasa akimgeukia mzee, sisi bado tuko kwenye mianzi. Ukuta unapitisha moshi, unapitisha pumzi, tunaamka pakavu. Wewe unapika humo humo? Unaanika nguo humo?

— Humo humo.

— Basi maji hayo ni yako mwenyewe. Mvuke unapanda, unakuta bati la baridi, unarudi maji. Mgonjwa hayupo tena. Kwa nini hufungui matundu?



— Harufu yake, Ambindwile alisema. Imebaki kwenye kitenge. Upepo ukiingia, itaondoka. Mungu alimchukua, nami sikubishana Naye. Niliomba hiyo tu inibakie.

Soko Huria alitazama ndani ya kikombe chake. Tupokigwe akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

— Na leo asubuhi, tata, hicho kitenge kilinuka nini?

Ambindwile alifumba macho, akatafuta: sabuni ya mche, mafuta ya nazi, moshi wa maharage. Alitafuta kwa muda mrefu, na kila alipovuta pumzi alikuta kuvu.

— Kasim, alisema mwishowe, na ilikuwa mara ya kwanza kijiweni pale kumwita kwa jina lake. Nyundo na tindo unazo?

— Ninazo, mzee.

— Niazime. Halafu twende wote. Tundu la kwanza sitaliweza peke yangu.