Maisha ya Mama Nyanyua, Aliyefundisha Watu Kutembea Upya

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya baba yake, akamaliza sekondari mwaka 1976, kisha akasomea tiba ya viungo. Tangu 1980 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifanya kazi hospitali moja tu.

Huko aliwahudumia waliopooza. Aliwasimamisha mbele ya kioo, akawafundisha kuhamisha uzito toka mguu huu hadi ule, kisha akawatoa hadi kwenye korido waliko watu, akipaza sauti: "Nyanyua! Usiburute!" Jina la Mama Nyanyua lilitokea hapo. Mwaka 1983 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maneno machache, aliyemtangulia mwaka 2015.

Mwaka 2020 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda kombo, chai ikawa inamwagikia kifuani. Aliona aibu isiyosemeka. Alifunga mapazia, akakataa katakata kwenda kwenye mazoezi. "Wagonjwa wangu wanikute kwenye benchi lile la kusubiria mazoezi?" Wageni wakija, aliwaagiza wanawe waseme amesafiri. Nao walisema, macho chini.

Siku moja fundi viatu aliyewahi kutibiwa naye alipitia mlango wa jikoni, akamkuta akijikokota ukutani. Mama alijifunika uso kwa mtandio.

"Toka! Usinitazame."

"Mama Nyanyua, ulinishika mkanda nikitembea, ukakatika, suruali ikashuka mbele ya manesi. Uliniambia nini?"

Mama alijibu kwa ulimi mzito: "Nyanyua mguu, suruali nitaokota mimi."

"Basi twende. Kikidondoka chochote, nitaokota."

Alikwenda, kichwa ameinamisha njia nzima. Hospitalini aliyempokea alikuwa mwanafunzi wake wa zamani wa tiba ya viungo, akiogopa hata kumkosoa. "Nikemee kama nilivyokufundisha," alimwambia, machozi yakimtoka. Akaanza upya: kusogeza vikombe mezani, kufunga vifungo, kuvuka kizingiti. Aibu haikumwacha. Kila akifika kwenye korido alikaza macho sakafuni, lakini hakuacha kwenda.

Wiki yake ya mwisho alimkuta binti mgeni kwenye benchi, mkono uliopooza ameuficha ndani ya koti. Mama alikaa kando yake, akautoa chini ya mtandio mkono wake mwenyewe uliolegea, akaulaza mapajani, watu wakiona.

"Hata mimi naona haya, mwanangu," alisema. "Tuone haya pamoja, halafu tuingie."

Kiharusi cha pili kilimchukua alfajiri ya tarehe 14 Juni 2023, akiwa nyumbani na wanawe.

Ameacha kaka mmoja, mabinti wawili, wakwe na wajukuu watano. Mungu ampokee, na amani iwe pumziko lake.