Chumba cha Mbele ni cha Mjomba Wenu

Sikilizeni, wanangu, na wewe kitindamimba uandike: leo ni Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa tatu na robo asubuhi. Dada yako ameandika saa tatu kamili kwenye karatasi ya dawa, kwa kuwa wauguzi hupenda namba zilizonyooka, na kaka yako anashikilia kuwa ni saa nne kasorobo, kwa kuwa ameiamini saa ya ukutani, ambayo tangu mwaka jana inakimbia kama inayodaiwa. Mimi nimehesabu tangu kengele ya pili ya shule ya jirani, nayo haijapata kunidanganya. Siwasahihishi kwa ubishi wa uzee. Sindano ya maumivu nitachomwa saa tano, na baada yake maneno yangu huteleza. Sitaki kesho mtu asimame mbele ya ukoo adai kwamba ilisema dawa, si mzee. Ninasema mwenyewe, na akili zangu ninazo.

Nyumba hii ni yenu watatu, wala isiuzwe maadamu mmoja wenu anahitaji paa lake. Cherehani ya mama yenu ni ya binti yangu. Vitabu vyangu, nilivyoanza kuvisoma nikiwa na mvi, apewe kitindamimba, kwa maana ndiye pekee anayevifungua bila kutafuta picha. Lakini chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ni cha mjomba wenu, akae humo mpaka Mungu atakapomwita, na asitokee wa kumuuliza atahama lini.

Nimekuona, kifunguamimba wangu, umeinamisha kichwa. Nilikuona juzi pia ukikipima chumba hicho kwa futi ya chuma, ukitembea kwa ncha za vidole ukidhani nimelala. Mgonjwa hulala macho, masikio hukesha. Duka la vipuri ni wazo jema, kalijenge uani. Na jana nikakusikia ukimwambia dada yako, "Mwagatope hakanyagi humu mimi nikiwa hai." Mwagatope! Jina ambalo wahuni wa bandarini walimbandika ndugu wa mama yako, wewe umelipiga pasi ukalivaa.

Haya, nitawaambia lilikotoka, kwa kuwa mlilisikia vipande vipande.

Mjomba wenu alikuwa mwendesha winchi katika meli ya utafiti, nami nilikuwa mtunza ghala la baridi la taasisi, ambamo matope ya bahari hulazwa kwenye rafu mithili ya mikate. Bomba refu la chuma huteremshwa hadi sakafu ya bahari, likajichoma kwa uzito wake, kisha winchi hulivuta likiwa na matope tumboni. Likiletwa kwangu tulilipasua kwa urefu, na humo mlikuwa na miaka juu ya miaka, ya chini ndiyo ya kale. Neno la kwanza nililojifunza kusoma duniani ni JUU, kwa maana liliandikwa kwenye kila bomba, na ole wake aliyeligeuza.

Siku moja Profesa, mwanamke aliyekuwa mkuu wa safari zile, aliinama juu ya bomba lililovutwa na mjomba wenu, akasogeza taa. Chini matope yalikuwa ya hudhurungi, yamejaa maganda ya viumbe wa maji ya vuguvugu, madogo kuliko punje ya chumvi. Juu yake, pasipo hatua ya katikati, yalikuwa ya kijivu, yenye vijiwe vikali ambavyo mto wowote usingeweza kuvifikisha kilindini. Vilibebwa na milima ya barafu iliyoelea, ikayeyuka, ikavidondosha. Joto, kisha baridi kali, na kati yake mstari ambao ungeufunika kwa ukucha.

"Matope ya bahari hutua kama vumbi juu ya kabati," Profesa akasema. "Hayaruki. Kuna kipande kimepotea hapa."

Mjomba wenu alikuwa amesimama mlangoni, glavu mkononi. "Profesa, mimi sikumwaga hata tonge. Kama kuna kilichoruka, iulizeni bahari yenyewe."

Watu wakacheka. Hakuna aliyecheka naye siku alipoambiwa akabidhi glavu hizo, kazi imekwisha, eti alimwaga kipande hicho akivuta. Ulimi hauna mfupa, wanangu: mabaharia wakamwita Mwagatope, jina likapanda ngazi likatufikia nyumbani, likaketi mezani petu, hata mama yenu akaona haya kutembea barabarani na kaka yake wa tumbo moja.

Mwasema lisemwalo lipo. Mimi nimelishika kwa mikono hii lisemwalo lisilokuwepo. Kwa maana miaka ilipita, zikaja meli nyingine, winchi nyingine, kutoka bahari nyingine kabisa, na mabomba yao yakapasuliwa mezani pangu: mstari uleule, ghafla vilevile. Je, winchi hizo zote aliziendesha mjomba wenu? Profesa alipima, akalinganisha, akapima tena. Kisha, kwa kuwa ni msomi wa kweli, alisimama mbele ya taasisi nzima akajipinga mwenyewe, akasema hakuna kipande kilichopotea, hali ya hewa ndiyo iliyoruka. Bahari ilitoka katika uvuguvugu ikaingia katika barafu ndani ya umri wa mtu mmoja: mtoto aliyezaliwa kwenye joto aliwalea wajukuu kwenye baridi. Maneno hayo yalipochapishwa niliyasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, ukurasa mmoja kwa siku nzima.

Profesa akaenda kumtaka radhi, nami nikamsindikiza. Mjomba wenu alizungumza nasi mlango ukiwa umefungwa. "Shemeji," akaniita mimi, si yeye, "taasisi imenirudishia jina langu, nashukuru. Nyumbani kwa dada yangu je?" Dada yake alikuwa amekwisha kuzikwa, nanyi mlikuwa mmelirithi jina lile pamoja na vyombo.

Basi fahamuni kwamba simpi sadaka. Matofali ya chumba hicho aliyapanga yeye, dada yake alipoolewa, na hakudai hata soda.

Wanong'ona nini, mwanangu? Sema, bado nasikia.

"Haraka haraka haina baraka, baba. Nipe muda nizoee."

Muda! Wewe mwana wa mtunza ghala! Bahari nzima, na upepo wake, na mvua zake, na milima ya barafu mirefu kuliko majumba, iligeuka ndani ya maisha ya mtu mmoja, nawe unaomba muda wa kumfungulia mzee mlango? Nawe binti yangu usinitajie yaliyopita si ndwele. Hiyo ni methali ya aliyeumiza, aliyeumizwa hajapata kuitamka. Msingoje mambo makubwa yabishe hodi. Yakigeuka, geukeni nayo, na mkimkosea mtu msimtembeze miaka kumi kutafuta haki iliyo mfukoni mwenu.

Maji, binti yangu. Kidogo... inatosha.

Nizikeni mapema, msingoje watu wa mbali. Hotuba iwe moja, fupi... aitoe mjomba wenu. Mkigombana juu ya nyumba, mwende kwake, na atakalosema... ndilo langu.

Mungu awape mikono isiyotetemeka mnapogawana, na meza isiyopungukiwa kiti. Awape watoto watakaowaambia ukweli... nanyi muweze kuusikia. Radhi yangu mnayo. Wote. Hata wewe... wewe hasa.

Anabisha. Huyo si jirani, jirani hubisha akiwa ameshaingia. Ni yeye. Nilimpigia simu jana, akaniuliza neno moja tu: nitaingia kwa mlango upi, shemeji? Nikamwambia... wa mbele.

Kitindamimba, usiinuke. Binti yangu, nawe keti.

Nenda wewe, kifunguamimba. Fungua... na umwite Mjomba. Kwa sauti, mwanangu... nikusikie.