Mlezi wa Iriza

Risala ya Kikundi cha Muziki cha Vijana wa Rubona kwa Madamu Kamikazi, mkurugenzi wa nyumba ya muziki, Kigali. Inasomwa na katibu wa kikundi, Cyiza.

Mgeni rasmi, Madamu Kamikazi. Viongozi wa sekta. Wazazi wetu mliofunga biashara asubuhi hii. Wanamuziki wenzetu wa Goma mliovuka mpaka wa Grande Barrière kuja kutushangilia. Mabibi na mabwana:

Makaribisho

Karibu Rubona, tena karibu sana. Harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, utaizoea. Sisi pua zetu zilishaisahau. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha. Wazazi wa baadhi yetu walirudi kutoka Kongo, wa wengine kutoka Tanzania, na wapo ambao ukoo wao haujawahi kuondoka hapa ziwani. Lakini Kiswahili chetu si kimoja, na jambo hilo, kama utakavyosikia, limetuponza.

Tulikotoka

Kikundi kilianzia katika chumba kilicho nyuma ya soko la samaki. Aliyekianzisha ni Mama Pulchérie, yule aliyeketi safu ya mwisho karibu na mlango. Ujana wake wote aliimba Goma, akiitikia nyuma ya waimbaji wenye majina makubwa. Alipohamia huku hakuwa na studio wala gari. Alikuwa na gitaa moja na mdomo usiochoka kukosoa. Aya hii aliifuta tulipomwonyesha mwanzo wa risala, tumeirudisha.

Ukienda kwake ukitaka kuwa nyota, huanzi kwa kuimba. Unabeba spika, unakunja nyaya, unakaa kando ya mpiga besi mpaka ujue wimbo unaelekea wapi. Wengi walikimbia. Iriza, ambaye leo umekuja kumchukua, ilibaki kidogo tu naye akimbie.

Mafanikio

Mafanikio yetu makubwa ni huyo huyo Iriza, binti wa Nyirasafari anayeuza sambaza hapo sokoni. Acha tukueleze alivyopikwa.

Alikuja na sauti nzuri na kichwa kikubwa. Kulikuwa na harusi katika hoteli moja ya ufukweni, na koo lake lilikuwa limeshakauka. Ndugu za bwana harusi wakapiga kelele wakitaka wimbo mwingine, naye akapanda tena jukwaani. Mama Pulchérie akamnyang'anya kipaza sauti mbele ya watu, akaimba mwenyewe, kwa ile sauti yake iliyochakaa. Watu walicheka. Iriza alitamani ardhi ipasuke immeze. Walipotoka nje, akamlipukia.

"Umenipatisha haya, Mama! Sasa watu watasema mi siwezi kuimba!"

"Wacha waseme," Mama Pulchérie akamjibu, akimpa maji ya moto. "Leo wanacheka mi. Kesho iko harusi ingine, na sauti yako itakuwa iko. Kunywa."

Hakunywa. Alikwenda nyumbani amenuna. Asubuhi aliamka koo linamwuma hata akashindwa kumwita mama yake aliye chumba cha pili, ndipo akaelewa alichoepushwa nacho. Alirudi chumbani kwetu, akakunja nyaya zote bila kuambiwa na mtu.

Tangu hapo alifundishwa mambo ambayo msikilizaji hayasikii: kula kabla ya kupanda jukwaani, kufika kabla ya wageni, kumsalimia fundi mitambo kabla ya kumsalimia mwenye sherehe. Alipokuja bwana mmoja aliyejiita promota, akitaka atajwe yeye kuwa mtunzi wa wimbo wa Iriza, Mama Pulchérie alimwambia neno moja tu: "Bon, tuimbie ubeti wa pili." Bwana yule akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Leo nyimbo za Iriza zinapigwa Gisenyi na Goma, na wewe mwenyewe ukazisikia. Kipaji alizaliwa nacho. Kukitunza, alifundishwa, nasi tuliona akifundishwa.

Changamoto

Mgeni rasmi, vifaa vyetu ni vibovu, lakini hilo tuliache. Leo tuna changamoto moja.

Ofisi yako ilimpigia Iriza simu yenye habari njema: atafanya kazi Kigali, na mlezi wake atakwenda naye, akae naye na kumsimamia mpaka atakapozoea. Msaidizi wako, Bwana Latif, aliyekulia Tanzania na ambaye Kiswahili chake kimenyooka, akamwuliza, "Mlezi wako ni nani?" Kwa Bwana Latif, mlezi ni yule anayekuongoza katika kazi. Kwetu Rubona, mulezi ni anayekubeba mgongoni, akakuogesha na kukulisha uji. Anayetuongoza katika muziki sisi tunamwita encadreur, kwa Kifaransa chetu cha mtaani. Iriza akajibu bila kufikiri mara mbili, "Ni mama yangu, Nyirasafari."

Basi nafasi ikapewa Nyirasafari. Aliposikia, alishika kiuno. "Mi? Niende Kigali kufanya nini? Nani kule atanunua sambaza yangu? Na muziki mi sijui, hata kanisani naimba vibaya!" Tulicheka sana, na katika kucheka huko hatukumtazama Mama Pulchérie.

Yeye aliamini kwamba Iriza amechagua kumwacha. Alisema tu, "Ni vizuri. Muzazi ni muzazi," akachukua kitambaa akaanza kufuta spika zilizokuwa safi. Iriza alimweleza kosa la neno lile. Akajibiwa, "Haina shida, mwanangu," kwa upole ambao hatukuuzoea. Mama Pulchérie alidhani anahurumiwa. Anaendelea kutufundisha kama kawaida, ila Iriza akiimba, hamkosoi tena.

Juzi Iriza aliimba ubeti mzima akitoka nje ya sauti makusudi, akitegemea kugombezwa kama zamani. Mama Pulchérie aliinamisha kichwa, akasema, "Muzuri." Iriza akatoka nje akalia. Hatujawahi kumwona akilia hivyo.

Maombi

Mgeni rasmi, tunaomba nafasi ya mlezi apewe Mama Pulchérie. Nyirasafari yupo hapa na ameridhia kwa furaha. Tunajua Kigali kuna walimu wenye vyeti, nasi tunawaheshimu. Lakini Iriza huwa anadanganya kwamba koo haliumi, na ni mtu mmoja tu anayemgundua akiwa bado hajamaliza kusema. Tunaogopa kumpeleka mbali na mtu huyo.

Spika tutaomba siku nyingine, tusichanganye mambo.

Ombi la mwisho si lako, utuwie radhi. Mama Pulchérie, usiangalie mlango. Iriza alikuambia hili hukumwamini, ametuomba tulisome kama alivyolisema:

"Mama, ni neno ndilo lilinipoteza, si roho. Mi sikukusahau. Twende wote. Na tukifika kule, tafadhali, unigombeze."

Mgeni rasmi, Mungu akuzidishie afya na kazi yako ipate baraka. Awafikishe salama Kigali: wewe, Iriza, na Mama Pulchérie.

Ni sisi,
Kikundi cha Muziki cha Vijana wa Rubona