Oswaldi na Upepo wa Mama Lydia

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, na vijana wangu, mambo. Leo tunamkumbuka Oswaldi, fundi baiskeli wa Chanji, hapa hapa Sumbawanga. Tulimzika Jumanne. Fundi baiskeli ndiyo, lakini wengi mlimjua kama Oswaldi wa visahani.

Visahani gani? Vya plastiki, vya kurusha. Mchezo wenyewe ni gofu ya visahani. Unasimama mbali, unarusha, kisahani kiingie kwenye kikapu chenye minyororo. Mwalimu mmoja wa kujitolea alimwachia vitatu alipoondoka. Kikapu Oswaldi alikitengeneza mwenyewe kwa rimu na minyororo ya baiskeli, akakisimika kwenye uwanda ulio juu ya mtaa. Jamani, vijana walijaa pale kila jioni!

Ila uwanda ule ulikuwa na wenyewe. Kinamama hupepeta ulezi pale, maana upepo wetu wa mwezi wa saba mnaujua. Mmoja wao ni Bertilla, mjane, mkulima. Sisi tunamwita Mama Lydia.

Siku moja Oswaldi alirusha kwa nguvu zote za bega, kama kawaida yake. Hakutazama. Upepo ukakiinua kisahani, ukakipeleka kushoto, kikampata Mama Lydia usoni. Jicho la kushoto. Narudia, wasikilizaji: jicho la kushoto, na halikuona tena.

Oswaldi akaacha mchezo. Visahani akavifungia kwenye sanduku la spana. Mkewe, Monika, ananiambia, "Alikuwa hali. Nikimtengea ugali anautazama tu."

Mwezi wa tatu baada ya ajali, nani anaingia pale kwa fundi? Mama Lydia, kitambaa jichoni.

"Shikamoo, mama," Oswaldi akasema, anatazama chini.

"Marahaba. Visahani viko wapi?"

"Nimeacha, mama."

"Umeacha! Jicho langu limekwenda, halafu wewe ndiye unayepumzika? Hao vijana watarusha hivyo hivyo ulivyowafundisha. Toa visahani, twende."

Akampandisha uwandani na ungo wake kichwani. "Mimi nangoja upepo uje," akamwambia. "Wewe ngoja upite."

Oswaldi akaanza upya kama mtoto wa chekechea. Wiki nzima hakuachia kisahani hata kimoja. Miguu kwanza. Kiuno kigeuke. Kisahani kipite karibu na kifua, kiganja kimalizie, na kilale bapa, kisiinue ukingo wa mbele. Akachomeka ufito wenye kitambaa ili auone upepo. Monika anacheka huku analia akisema, "Hata jikoni alifanya mazoezi na mfuniko wa sufuria. Nikamwambia, baba, leo wali utaupika wewe."

Lakini mtaa ulikuwa umechoshwa na visahani. Kikao kikaamua kikapu king'olewe Jumamosi. Mama Lydia akasimama. "Kabla hamjang'oa, arushe. Nitasimama hatua mbili kutoka kwenye kikapu. Akipata bila kunigusa, kibaki." Watu wakaguna. Mama, una jicho moja tu!

Jumamosi ikafika. Hatua hamsini. Kwenye mazoezi Oswaldi alikuwa anapata tisa kati ya kumi. Tisa! Hiyo ya kumi ndiyo iliyomsumbua. Upepo ukavuma, akangoja. Kitambaa cha ufito kikalala. Kiuno kikageuka, mkono ukaja, na pale pa kuachia, akakishikilia kisahani.

"Rusha!" watu wakapiga kelele. "Mwoga huyo!"

Mama Lydia hakusogea. Oswaldi akazitembea zile hatua hamsini huku watu wanamzomea, akamshika mama mkono.

"Mama, toka hapa. Wakitaka kung'oa, wang'oe. Mtu akiwa mbele, mimi sirushi."

Akamkalisha pembeni kabisa, akarudi, akarusha. Miguu, kiuno, kifua, kiganja, vyote sawasawa. Kisahani kikiwa njiani, upepo ukainuka ghafla. Kikakosa kikapu. Kikapita hatua mbili kushoto, usawa wa kichwa, pale pale alipokuwa amesimama Mama Lydia.

Hakuna aliyezomea tena. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Kornel, ndiye aliyeshupalia kikapu king'olewe. Akavua kofia. "Kibaki," akasema. "Na afundishe yeye."

Akafundisha miaka sita, mpaka mapafu yalipomzidi wiki iliyopita. Vijana wake hawarushi bila kuita kwanza, "Mbele kweupe?" Wanaita hata kama hapana mtu.

Monika, na watoto wako Angela na Yusto, poleni sana. Sisi sote wa redio tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, jioni ya leo hebu jiulize ni nani amesimama mbele ya mkono wako, hasa ukiwa na haraka na watu wanakushangilia.

Jana nilimkuta Mama Lydia kaburini, amekaa chini, kanga imelowa. Nikampa pole. Akasema, "Usinionee huruma, mwanangu. Hili jicho moja ninalomlilia, yeye ndiye aliyenibakizia."