Kilichomshukia Mama Uzi

Weka mkono kifuani, shoga, uape kwamba haya hayavuki kizingiti chako. Umeapa? Haya. Na mimi niliapishwa hivyohivyo pamoja na benchi zima la kijiwe cha kahawa, ila kiapo na mdomo wangu havijawahi kulala nyumba moja.

Alasiri ile Kamati, mkuu wa ulinzi wa mtaa, alikuwa wa kwanza kijiweni. Hata muuza kahawa alikuwa hajafika kuwasha jiko. Akachungulia huku na kule, akaiweka droni yake pale penye uwazi mbele ya benchi, akairusha. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa bado ndani ya nailoni. Alijiambia mtu aliyeongoza watu miaka kumi hashindwi na kidude. Ikapanda mpaka nyuma ya tangi la maji. Mara akasikia kikohozi cha kinyozi, yule tunayemwita Redio. Badala ya kuishusha, akasukumia rimoti na simu iliyounganishwa nayo ndani ya koti, akakunja nne. Droni ikabaki kule juu, inaning'inia.

Alikuwa na sababu ya kuficha. Wiki moja kabla, droni hiyohiyo ilimkata Mama Uzi, fundi cherehani, vidole viwili akianua nguo. Na Kamati mwenyewe ndiye aliyesimama hapo akatamka kwamba mwenye nayo akijulikana, ahame mtaa. Watu walipiga makofi, yeye akawapita wote.

Mama Uzi akaja na kigoda chake, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Akakaa palepale penye uwazi, apate mwanga, akajaribu kupinda pindo la sketi kwa mkono wa kushoto.

— Ile droni iliyokukata ni ya watu wa umeme, alisema Redio. Inasoma mita kwa juu. Ndiyo maana wahenga wakasema haraka haraka haina baraka. Uliona siku ile ilivyoelea polepole?

Muuza kahawa akasema umeme wapi, inahesabu vipara, vikifika mia kodi ya mtaa inapanda. Redio, ambaye riziki yake ni nywele, akageuka palepale: basi imetumwa na vinyozi wa mtaa wa pili, inapuliza dawa ya kunyonyoa vichwa vya wateja wake.

— Kamati, mbona leo umemeza ulimi? akauliza Mama Uzi.

— Uchunguzi unaendelea, mama. Mwenda pole hajikwai.

Simu ikatetemeka ndani ya koti. Ikatulia. Ikatetemeka tena, ndefu zaidi. Kamati akaubana mkono ubavuni.

Ndipo mpiga picha wa harusi, mgeni aliyekuja kunyolewa, akauliza taratibu:

— Huwa inarushwa kutoka wapi?

Redio akadakia: ya nini kuuliza?

— Nauliza kwa sababu chaji ikikaribia kwisha, huonya kwenye simu ya mwenyewe, kisha hujirudisha yenyewe pale ilipoanzia. Inashuka tu. Haitazami nani amekaa chini.

Kamati akakitazama kile kigoda.

Mvumo ulisikika kabla hatujaiona. Ikatokea juu ya paa, ikaja moja kwa moja, ikasimama juu ya kichwa cha Mama Uzi, ikaanza kushuka. Redio alikuwa ameshaingia chini ya benchi. Mama Uzi hakuwahi kuinuka. Aliinua mkono kujikinga, na mkono wenyewe ndio ule mmoja uliobaki mzima.

Angetulia tu, Kamati, nani angejua? Lakini aliichomoa rimoti kwa nguvu hata kifungo cha koti kikaruka, akasukuma kijiti. Sicho. Droni ikazidi kushuka, upepo wake ukapeperusha kitambaa cha kichwani cha Mama Uzi. Akasukuma cha pili. Ikapanda.

Macho yote yakahamia mikononi mwake. Kuficha hawezi, kuiweka rimoti chini hawezi, maana akiiachia inashuka palepale.

— Jamani, alisema, nipisheni niishushe.

Mama Uzi akasogeza kigoda hatua tatu, akakaa upya, akamkazia macho.

— Shusha, baba. Sote tunakuona.